Barua za Mfaransa

Wakati walowezi walipokuwa wakiuza mashamba, nilikuwa nikipima sukari katika duka la Msomali mmoja mjini Eldoret. Shule nilikuwa nimeacha darasa la tano, na kazi nyingine kama sita hivi. Tajiri wangu alinunua masanduku mawili ya vitabu vya Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akaniambia nivichane viwe karatasi za kufungia sukari. Nilichana vinne. Cha tano kilikuwa na picha ya mtu mwenye upanga na nywele nyeupe za bandia. Nikakificha chini ya kaunta.

Kilieleza kwa Kiingereza maisha ya afisa wa jeshi la Ufaransa, miaka mia mbili iliyopita. Nilikisoma polepole, kamusi kando. Kila adhuhuri nilimsimulia mzee aliyelinda stoo ya mahindi ng'ambo ya barabara: jinsi Mfaransa alivyoingia jeshini akiwa na miaka kumi na mitano, akavuka bahari mara mbili, akachora ramani za ngome, akapoteza vidole vitatu kwa risasi.

"Vidole vitatu tu?" mzee akacheka. "Huyo alikuwa na bahati."

Yeye mwenyewe alikuwa amepigania Waingereza vitani Burma, na afisa wake alimwahidi shamba. Mimi ndiye niliyemwandikia barua kwa DC, mkuu wa wilaya, kulidai. Barua saba, jibu hakuna. Sasa watu wa kanisa lake walikuwa wakichanga wanunue shamba karibu na Chepsaita. Ili aingie, ingebidi auze ng'ombe wake wanne, na orodha ya wanunuzi ilikuwa inafungwa Jumamosi. Mke wake alitaka wauze. Yeye aliona ni kama kununua kitu ambacho tayari ni chake.

Nilipofika mahali ambapo Mfaransa, amezeeka, anamwandikia mfalme kudai pensheni aliyoahidiwa, mzee aliacha kucheka. Tangu hapo alikuwa akija mwenyewe dukani.

"Mtu wako amejibiwa?"

"Bado, Mzee. Ameandika tena."

"Nangoja ajibiwe. Mwambie aharakishe."

Tajiri akadakia, "Mzee, huyo Mfaransa ananunua sukari? Kama hanunui, niachie kijana wangu."

Alhamisi nilimaliza kitabu. Ijumaa asubuhi mzee alikuwa mlangoni kabla hatujafungua.

"Alijibiwa?"

Ningeweza kusema ndiyo nikanyamaza. Haingekuwa uongo.

"Alijibiwa. Mfalme alikubali yote."

Uso wake ukafunguka. Halafu akaniangalia vizuri. "Lini?"

"Barua ilifika akiwa tayari ana miezi mitatu kaburini."

Mzee alichukua kipande cha karatasi cha kufungia sukari kutoka kwenye kaunta, akakinyoosha kwa kiganja, akanisukumia.

"Andika kwa DC."

"Tuulize tena?"

"Hapana. Andika hivi: Bwana DC, kuhusu lile shamba, msisumbuke tena. Nimejipatia."

"Lakini Mzee, bado hujapata."

"Barua yako itafika lini? Mpaka wasome, nitakuwa nimepata."

Nilipomaliza kuandika aliweka sahihi yake, ile ya jeshini, yenye namba, akakunja karatasi akaitia mfukoni. Kisha akamwomba tajiri wangu amwangalizie stoo hadi saa sita, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea sokoni kutafuta mnunuzi wa ng'ombe.