Kipande cha Juu cha Tope

Watafiti walipokuja kuchimba kinamasi chetu huku Nyansiongo, niliwabebea bomba lao huku nikiwacheka moyoni. Watu wazima na digrii zao, wanatafuta nini kwenye matope?

Walididimiza bomba, wakatoa tope refu kama muwa, wakalilaza juu ya turubai. Mama aliyewaongoza akanionyesha: chini lilikuwa jeusi, limejaa chavua ya miti ya msituni. Juu yake, ghafla, likawa jekundu. Msitu uliisha, akasema, udongo mwekundu wa vilimani ukaporomokea humu kinamasini.

“Hiyo ilichukua miaka mingapi, madam?”

Alifunika mpaka wa rangi hizo mbili kwa kidole kimoja. “Michache sana. Waliokuwa hapa huenda walishtuka mambo yakiwa yameshaharibika.”

Kicheko kilinikauka. Mimi na baba ndio tuliojaza mikaratusi kwenye kinamasi hicho, inyonye maji tupate shamba. Wakati huo majirani walitusifu, nao wakapanda yao.

Kipande cha juu kabisa cha lile tope kilikuwa kikavu. Nilikigusa kikavunjika, na ndani yake mlikuwa na majani yaliyooza nusu. Nikanusa vidole vyangu. Vilinukia karatusi.