Friji ya dawa ndani ya boti: nilihesabu ampea zote, futari sikuihesabu

Wakuu, amani kwenu. Nimeona vijana wanaulizana friji gani ya batiri inafaa kwa boti. Nasema yangu, na Mungu anaona kama naongeza chumvi.

Ni miaka ya themanini. Nilikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, nashona nguo Kabeza, hapa Kigali. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa na boti ya kubeba watu na mizigo ziwa Kivu. Wiki mbili majini, siku tatu nyumbani.

Ikamshika sukari. Daktari akampa insulini, akasema ikipata joto inaharibika. Basi ama friji iingie botini, ama mzee aache ziwa. Kuacha ziwa alikataa.

Mimi nilikuwa nasoma masomo ya jioni, tumefika kwenye desimali. Hesabu ile ndio ilinisaidia.

Mjini iko friji mbili. Moja ilitoka kwenye gari la kulala la mzungu anayerudi kwao. Haina kelele, bei ndogo. Lakini haina kompresa, ile mota ya kupoza: inakula ampea nane muda wote, na inataka kusimama sawa, isiyumbe.

Boti gani haiyumbi?

Ya pili ndogo, ya kompresa, volti kumi na mbili, inafunguka juu kama sanduku. Ampea nne, na ikishapoa inapumzika nusu ya muda. Ukifungua, baridi inabaki chini. Nikachukua hiyo.

Makanika wa boti, Sefu, akacheka: "Mama Zuhura, tangu lini cherehani inafundisha umeme?"

Nikamwambia, "Weka waya nene, fupi, na fyuzi karibu na batiri. Ukimaliza ndio ucheke."

Akaweka. Waya nyembamba ingekula umeme njiani. Dawa tukaiweka mbali na pale panapotoka barafu, maana insulini ikiganda nayo imekufa.

Miezi minne, safi.

Ikaingia Ramadhani. Baba Zuhura alikatazwa kufunga, na hilo lilimuuma. Akasema, kama sifungi, nitafuturisha. Mnajua thawabu ya kumpa maji mtu aliyefunga. Kila alasiri akajaza friji chupa za maji za abiria, zimekaa juani kutwa, zipoe kabla ya magharibi. Akasifiwa bandari zote.

Kompresa haikupumzika tena. Na batiri ilikuwa moja tu, ya friji na ya kuwashia injini.

Asubuhi moja batiri ikawa imekwisha, injini ikakataa kuwaka. Wakapiga kasia mpaka adhuhuri. Friji joto, dawa joto. Yeye akaendelea kujidunga hiyo hiyo, hakuniambia.

Alifika Kigali midomo imekauka, anakunywa maji hashibi. Wakamlaza. Dawa yote ikatupwa.

Nikamuuliza pale kitandani, "Uliweka chupa ngapi?"

"Zilizoenea."

"Na dawa?"

"Niliibana pembeni. Mama Zuhura, watu walikuwa na kiu."

Kiu ya aliyefunga huwezi kubishana nayo. Na kosa lilikuwa langu pia: niliyapima yote ya friji, huyu mtu nimeishi naye miaka ishirini sikumpima.

Alipopona, Sefu akaweka batiri ya pili, ya friji peke yake, na swichi ya kuzitenga. Safari hii hakucheka. Mimi nikanunua mtungi wa udongo, nikaushonea koti la gunia. Ukililowesha, upepo wa ziwa unapoza maji yenyewe.

Nikamwambia mzee, "Friji ni ya dawa. Thawabu yako iko kwa mtungi."

Akataka kubisha. Akaonja maji. Akajaza kikombe tena.

Aliendesha ile boti miaka mingi baadaye. Wasafiri waliusifu mtungi. Kwamba ndani iko friji, wengi hawakujua.

Funzo langu: kabla ya kuhesabu ampea, hesabu mikono itakayofungua mfuniko. Wenye boti, kwenu funguo za friji anashika nani? Na batiri ngapi? Nasoma majibu yote, hata ya kunicheka.