Mwenye Pantoni Hashuki

"Bibi, ulimwambia nini Babu hata akakubali kushuka?"

Nilimwuliza hivyo Bibi Elva nikiwa na miaka tisa, gatini mjini Mannum, siku meli ilipowarudisha. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu ambacho hana. "Shika hilo begi, mjukuu wangu," akasema, "usisimame njiani."

Lance Zadow, mumewe, alikuwa mwendesha pantoni pale Purnong, ile inayojivuta kwa waya wa chuma kutoka ukingo mmoja wa mto Murray, kule Australia, hadi wa pili. Aliukata mto ule maisha yake yote ya kazi, lakini hakuwahi kwenda nao. Elva alikuwa akimtania, "Umeuoa huo mto, na kwao hupajui." Naye Lance alikuwa na kanuni moja: mwenye pantoni hashuki. Wanaoshuka ni abiria. Hata akiwa na homa, hakanyagi nchi kavu mpaka zamu iishe, na Elva aje ukingoni na pikapu, apige honi.

Uzeeni ukamwingia ugonjwa wa kusahau. Yalianza kumtoka majina ya majirani, yakafuata ya wajukuu. Siku alipowasha jiko akalifunika kwa taulo, binti yao Raelene, ambaye ndiye mama yangu, akaenda kutafuta chumba katika makao ya wazee Mannum. Elva hakubisha. Aliomba jambo moja tu: kwanza wapande yeye na mumewe ile meli ya matembezi, inayopanda mto hatua kwa hatua na kurudi.

"Huko huko melini nitamwambia mwenyewe kwamba harudi tena nyumbani," alisema. "Nimeolewa naye sijui hata kukaanga yai. Haambiwi na mtu mwingine."

"Uniapie, Mama," Raelene akasema. "Siku mkirudi chumba kitakuwa tayari. Nisije nikamburuta kama mbuzi."

Elva akaapa.

Lance alipanda meli na kofia yake ya kazi na chupa yake ya chai. Gurudumu kubwa la nyuma likaanza kuchapa maji, gati likasogea mbali, na magenge ya mawe ya manjano yakaanza kupita ubavuni, ndege mwari wamejipanga chini yake. Lance akaduwaa. Kisha akamshika mkewe mkono kwa nguvu.

"Elva," akanong'ona, "waya umekatika."

"Haujakatika, mzee. Leo hatuvuki. Tunatembea."

"Tunatembea kwenda wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kumwambia. Elva akammiminia chai.

Walipopita Purnong yenyewe, pantoni ilisimama kuwapisha. Lance aliikazia macho, akaguna. "Kijana yule ana papara," akasema. Hakuuliza pale ni wapi. Elva aligeuka akatazama upande wa pili mpaka mto ulipopinda.

Kwenye kituo cha kwanza palikuwa na banda la kale la kunyolea kondoo. Meli ilifungwa kwenye miti, ngazi ikashushwa, na kabla mtu hajakanyaga, Lance alikwisha kusimama mbele yao, mkono juu.

"Gari ndogo kwanza! Lori lingoje!"

"Lori ndiyo mimi?" akauliza Trevor Hannaford, muuza nyama mstaafu, ambaye tumbo lake lilifika mahali kabla yake.

"Wewe ni trela, ndugu yangu. Rudi nyuma, utatuzamisha!"

Watu wakavunjika mbavu, na Trevor kuwashinda wote. Elva akamvuta mumewe mkono. "Twende, mzee, tukaone kondoo."

"Mwenye pantoni hashuki, mama. Nenda wewe. Nakungoja."

Akaenda peke yake. Akaona kondoo akivuliwa sufu nzima kama koti, akala skonzi za jemu na krimu, akakaa na mwanamke mmoja aliyekuwa na visa vya mama mkwe wake, akacheka mpaka machozi. Ndipo akashtuka. Tangu ashuke ngazi hakuwa amemkumbuka Lance hata kidogo. Kumbe iliwezekana. Siku zote aliogopa kwamba angemkosa. Hakujua kwamba angepumzika. Alirudi melini na skonzi moja ndani ya kitambaa, kama mwizi anayerudisha alichoiba.

Kwenye shamba la mizabibu ikawa vilevile: wenzao walishuka kuonja mvinyo, Lance akabaki kulinda ngazi. Safari hii Elva alibaki naye. Akavuta pumzi.

"Lance, tukifika Mannum..."

"Mannum wana pantoni mbili, ubavu kwa ubavu. Watu wa majivuno wale."

"Nisikilize. Tukifika Mannum, wewe..."

"Mimi nitakuwa zamu," alisema, akampapasa kiganja. "Wewe usinisahau tu. Uje na pikapu."

Elva akayameza maneno yake, na hayakupanda tena.

Siku ya kurudi, mimi na Mama tulikuwa gatini, nguo za Babu zimo garini ndani ya sanduku. Abiria wote walishuka. Trevor alimpigia saluti. Lance akabaki juu, mkono bado umeinuliwa, na ngazi haina mtu. Nahodha alimbembeleza, akashindwa. Mama alimwita kwa sauti ya kukatika, akashindwa. Ndipo Elva akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. Lance akavua kofia, akachukua chupa yake ya chai, akashuka mpole kama mtoto aliyeitwa kula.

"Umemwambia?" Mama akauliza.

"Nimemwambia."

Mama akamkumbatia huku analia. "Una moyo, Mama. Na amelipokea vizuri."

Kule makaoni Lance alisahau kijiko hushikwaje. Alimsahau Raelene. Lakini kila alasiri alivaa kofia, akachukua chupa, akasimama kwenye mlango wa kioo. Wauguzi walisema ni ugonjwa. Elva alipokuja, Lance alimwuliza, "Mbona umechelewa leo?" Baadaye Elva akawa anaegesha nyuma ya jiko la makao, ili mngurumo wa pikapu usimfikie. Iliendelea hivyo mpaka Lance alipofariki, mwaka nilioanza sekondari.

Mwezi uliopita tulivuka Purnong, mimi na Bibi, ndani ya pikapu ile ile. Katikati ya mto nikamwuliza tena. Alikaa akiutazama waya unavyopanda kutoka majini, unachuruzika.

"'Zamu imeisha, Lance,'" alisema. "'Pikapu iko pale. Twende nyumbani.'"