Gauni Nililomshonea Mwalimu Wangu

Dada yake aliponipigia simu kutoka Iringa kuniambia mwalimu wangu amefariki, nililia, nikampa pole, kisha nikauliza atavishwa nini. Najua si swali la mtu mwenye adabu. Lakini mimi ni fundi cherehani, na aliyekufa ndiye aliyenifanya fundi.

"Tumeshanunua gauni," dada yake akasema. "Yale meupe, yanauzwa palepale kwenye majeneza."

Weee! Nilipandwa na hasira mpaka machozi yakakauka. Yale magauni nayajua: lesi ya nailoni inayowasha, mikono imeunganishwa ovyo ovyo, na ukiyageuza ndani ni nyuzi tupu zinaning'inia. Mwanamke aliyemaliza maisha yake akiwafundisha watoto wa watu kushona, eti azikwe na kitu ambacho asingekiruhusu kitoke mlangoni mwa karakana yake!

"Dada, nakuomba, msimvalishe hilo," nikasema. "Namshonea mimi."

Akaniambia mwili utavalishwa keshokutwa asubuhi, kabla ya ibada. Nikiwahi, sawa. Nisipowahi, mchungaji hawezi kungojeshwa kwa ajili ya gauni.

Mwalimu nilimkuta chuoni Mbeya nilipopelekwa kujifunza ushonaji baada ya kufeli kidato cha nne. Nilikwenda nimenuna, nikiona dunia imenionea. Yeye alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye kicheko unachokisikia toka getini. Nguo hakuitazama kwa nje hata siku moja. Ukimpelekea, aliigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono taratibu, halafu akasema, "Fumua." Basi. Nilifumua mpaka nikamchukia. Siku moja nilimjibu mbele ya darasa zima kwamba huko ndani nani anaona. Hakukasirika. Alisema mwenye nguo hahitaji kuona, anausikia mshono mwilini mwake kutwa nzima.

Baadaye niliajiriwa chuo kilekile, meza yangu ikawekwa karibu na yake, na jamani, hakubadilika hata kidogo. Alikuwa anakuja kugeuza kazi zangu mbele ya wanafunzi wangu.

"Mama, mimi sasa ni mwalimu mwenzako!"

"Haya, fumua, mwalimu mwenzangu."

Tulicheka mpaka wanafunzi wakatushangaa. Chai ya saa nne tulikunywa pamoja, yeye akinisema kwa kila kitu: viatu vyangu, mapishi yangu, wanaume ninaowaamini. Mama yangu mzazi hakuwahi kunisema vile, na nilipenda kusemwa. Nguo zake zote nilishona mimi, kwa sababu alikuwa anasema fundi akijishonea mwenyewe anajionea huruma. Vipimo vyake vilikaa kichwani mwangu, sikuhitaji tepu.

Alipougua kansa alirudi kwao Iringa, kwa dada yake. Nilikwenda kumwona nikiwa na mchele wa Ubaruku.

"Ninyi watu wa Mbeya," akanitania, "mnadhani mchele wenu unaponya hata kansa."

Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, na baridi ya kule ilivyo, sikuona ajabu. Niliona uso tu. Uso ulikuwa umekwisha, nikajiambia ni uso, utarudi akianza kula.

Sasa siku ile ya simu nilitoka nyumbani Ilomba nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vitambaa la yule mzee wa Kihindi tuliyezoea kununua kwake. Nilipomweleza, alishika kichwa. Nikachagua kitambaa cha rangi ya maziwa, laini, kizito kidogo. Akanikatia kiasi kilekile cha siku zote, bila kuniuliza. Hata yeye mwili wa mwalimu alikuwa anaujua.

Nilikata na kushona mchana kutwa kwenye karakana ya chuo. Wanafunzi walikaa kimya, mmoja ananipigia pasi, mwingine anashona vifungo. Ndani kila mshono niliumaliza vizuri, na ubavuni nikaacha kitambaa cha ziada kama alivyotufundisha, ili mtu akinenepa nguo yake iachiwe. Mikono ilifanya yenyewe. Kesho yake nikapanda basi, gauni nimelipakata, sikukubali liwekwe juu na mabegi.

Asubuhi ile ya kumvalisha niliwahi. Tulikuwa chumba cha maiti, dada yake, akina mama wawili wa usharika, na mhudumu wa pale. Waliposhusha shuka, mwili ulikuwa umebaki mifupa tupu. Sikutegemea. Tulimwinua, tukampitisha mikono, na gauni likammeza. Mabega yalishuka hadi karibu na viwiko.

Dada yake akanitazama. "Hili umemshonea nani?"

Mama mmoja wa usharika akashika ile ziada ya ubavuni, akauliza kwa upole, "Na hiki ni cha nini, mwanangu?" Ningesemaje? Kwamba ni cha akinenepa? Nilitamani ardhi inimeze.

Mhudumu akachukua mkasi. "Msipate shida. Tunachana mgongoni, tunakunja, analalia. Tunafanya hivyo kila siku, hakuna anayeona."

"Usimguse na mkasi wako!" Nilimjia juu, sauti ikagonga kuta.

"Basi livueni," dada yake akasema. "Lile jingine lipo kwenye gari. Mchungaji ameshafika."

Nilimpigia magoti. Nikamwambia sindano na pini ninazo, nahitaji muda kidogo tu, nimpunguzie palepale. Akatazama mlango. Akamtazama mdogo wake aliyelala ndani ya nguo kubwa kama mtoto aliyevaa ya mama yake. Kisha akavua koti, akapanda kitandani, akamwinua na kumwegemeza kifuani kwake.

"Pima," akasema. "Mchungaji atangoja."

Nilimbana kwa pini toka mabegani hadi kiunoni, na kila pini niliogopa nisimchome. Tukalivua. Nikaketi kwenye benchi, nikashona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, mdogo mdogo, ndani na nje sawa. Uzi haukupinda. Ilibaki ile ziada, nyingi sasa, imevimba ndani kila upande, ingemkalia vibaya. Nikamwomba mhudumu mkasi wake.

Hapo nilikwama. Mshono ukiubana unaweza kuuachia kesho, lakini kitambaa ukishakikata hakirudi. Dada yake alikuwa bado amemkumbatia, ananingoja. Nikakata. Vipande vikaanguka miguuni kwangu, upande huu, kisha upande ule, nisiache hata cha kuzidi.

Tulimvalisha tena. Mabega yalikaa, kiuno kikakaa, shingo ikatulia vizuri.

"Limemkaa?" dada yake akauliza.

Nikapitisha mkono mgongoni mwake. Lilimkaa sawasawa, ungesema mwili ule haujawahi kuwa mwingine, na mimi ndiye niliyeupima na kuukatia.

"Limemkaa," nikasema, kisha nikainama, nikaviokota vile vipande vyote.