Mdogo Wangu, Fundi wa Vilivyopotea

Habari ya kifo cha mdogo wangu ililetwa na mtu niliyekuwa nikimwonea wivu kwa miaka mingi. Nilikuwa stoo ya shule ninakofanya kazi, nawatolea walimu chaki, mara mwenzake mdogo wangu wa biashara akasimama mlangoni, shati limelowa jasho, mfuko wa mdogo wangu mkononi. Sote tulimwita Mhandisi. Akasema, "Dada, mwenzangu ametutoka." Nilimwambia aweke ule mfuko chini. Ndilo neno la kwanza lililonitoka, Mungu ni shahidi.

Moyo wake ulisimama njiani, akienda kuwaonyesha wenye maduka bidhaa zake na Mhandisi. Wapita njia waliona kwenye mfuko kidude cha duara, kile cha kutafutia vitu walichokitengeneza wenyewe, wakakigusisha simu, ikatokea namba ya mwenye mali. Haikuwa yangu wala ya mama. Ilikuwa ya Mhandisi. Ndivyo walivyozoea kujaribu vidude vyao: kila mmoja aliandikisha vitu vya mwenzake kwenye simu yake, huyu anaficha, yule anatafuta. Wakimaliza, husahau kubadilisha. Kwa hiyo Mhandisi alifika hospitali kabla yetu sisi ndugu, na ndiye aliyemfumba macho. Hilo la macho bado limenikaa kooni.

Mimi ni kifungua mimba, yeye alikuwa kitinda mimba. Tangu aanze shule alikuwa mtu wa kupoteza vitu. Siku moja alirudi nyumbani amevaa sweta la mtoto mwingine, mikono inamfika kwenye viwiko, na hana habari. Baba, alipokuwa hai, naye hakuwa tofauti. Kitu kikipotea, mama hakuinuka. Alisema tu waniulize mimi. Miwani ya baba iko juu ya redio. Kitambulisho cha mdogo wangu kimo ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Hata alipopanga chumba chake upande wa pili wa mji, asubuhi alinipigia simu kuuliza funguo ziko wapi. Namwambia atazame suruali ya jana. Namsikia anapekua, halafu anacheka. Simu zile zilikuwa kama sala yangu ya pili ya asubuhi.

Alikutana na Mhandisi chuoni. Walipanga chumba cha karakana juu ya duka la cherehani, wakaweka meza na taa yenye kioo cha kukuzia. Feni haikuruhusiwa kuwashwa hata jua likiwaka vipi, maana ingepeperusha vipande vyao vya elektroniki, vidogo kama punje za mchele. Mdogo wangu alichomelea, Mhandisi akashughulika na upande wa simu. Walitaka kitu kidogo cha kufunga kwenye funguo au pochi, ukikitafuta kwa simu kinalia hadi ukione.

Cha kwanza kilipofanya kazi, walikileta nyumbani. Wakaficha funguo, mdogo wangu akabonyeza simu, kikalia chini ya kochi. Mama akapiga makofi. Nikauliza kama sasa mimi nimefutwa kazi.

"Wewe ndiye wa kwanza, dada, hiki kimekuiga tu," mdogo wangu akasema. "Ila hiki hakinigombezi."

Wote walicheka, Mhandisi kuliko wote. Tangu siku ile simu za asubuhi zilikoma. Nilimwomba Mungu vile vidude viishiwe betri. Kumbe betri zake hudumu mwaka mzima.

Biashara ilikua, wakaajiri wafungashaji. Jumapili, badala ya kuja kwangu kula baada ya ibada, alipitiliza hadi karakana. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Tulipokaa kupanga mazishi, mama alisema Mhandisi ndiye atakayesoma wasifu wa marehemu. Niliitaka kazi hiyo, na nilisema wazi kwamba damu ni nzito kuliko maji.

"Mwanangu, wewe utalia usifike hata nusu," mama akasema. "Na huyu alikuwa naye kila siku."

Lile "kila siku" lilinichoma kama mwiba, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Mhandisi alinifuata barazani akitaka habari za utotoni. Nikampa shule alizosoma na kanisa alilobatizwa. Akaniuliza, "Alikuwa mtoto wa namna gani, dada? Mambo ya utoto hakuwa akinisimulia." Nikajibu alikuwa kama watoto wengine. Sweta, kitabu cha nyimbo na simu za asubuhi nilivibakiza. Yeye alikuwa na karakana nzima. Hivi vilikuwa vyangu.

Tulimzika Jumamosi, baada ya ibada. Mhandisi alisoma vizuri, siwezi kusema uongo. Aliwachekesha watu kidogo kwa habari za ile feni, nao wakalia alipofika mwisho. Kuhusu utoto alisoma sentensi mbili. Mchungaji akaomba, jeneza likashushwa kwa kamba. Mama alitupa udongo, nikafuata mimi. Mhandisi alikuwa amesimama nyuma ya majirani, anangoja zamu yake, nami sikumwita mbele. Wachimba kaburi wakafukia kabla zamu yake haijafika, tukaimba, tukaweka maua. Kisha nikamshika mama mkono, tukarudi nyumbani.