Fundi Saa Aliyetazama Sikio

Shemeji yangu ni fundi saa. Kwa miaka ishirini na sita amekaa kwenye meza ileile dirishani mwa kibanda chao, kioo cha kukuzia amekibana jichoni, kibano mkononi. Dada yangu yuko kaunta, anapokea saa na kuandika tiketi. Wakifunga, huvuta viti viwili wakatazamana. Anayepepesa kwanza anaosha vyombo.

Mchezo huo ulianza kama utani wa wachumba. Siku hizi dada anasema bila hivyo asingejua lolote, maana mumewe ni bubu wa kujitakia. Akiudhika, kope ya chini hucheza. Siku aliyofiwa na mama yake alirudi kimya. Dada alimtazama tu, akaanza kumfungia mzigo wa safari.

Mwezi huu hakusomeka. Saa tatu alizotengeneza zilirudishwa na wateja ndani ya wiki moja. Ya mwisho ilikuwa na ukope ndani ya kioo. “Fundi, hapa mnatengeneza saa au mnanyoa?” mteja aliuliza, watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Na kesho yake alikuwa afungue saa ya mstaafu mmoja, zawadi ya marehemu mkewe. Dada alitaka kujua kinachomsumbua mumewe kabla hajaigusa hiyo.

Jioni hiyo nilikuwa mlangoni nikiwasubiri. Walikaa. Muda ukapita.

“Mbona unanikwepa?” dada akauliza.

“Nani anakukwepa? Si nakutazama?”

“Unatazama sikio langu.”

“Hereni imekupendeza.”

“Sijavaa hereni, Fundi.”

Shemeji akajifuta uso kwa kiganja, taratibu, kama mtu aliyetoka kubeba mizigo.

“Nikikutazama machoni unapotea,” akasema. “Linabaki doa, kama la chai. Nikitazama sikio, nakupata kwa pembeni.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya ule ukope.”

“Ukanyamaza.”

“Ningesema nini, bibie? Mimi hapa ni macho. Ukiyatoa, kinabaki kiti.”

“Mwezi mzima nasoma macho yako, naona mtu aliyenichoka.”

“Kuchoka nimechoka. Lakini si wewe.”

Dada akainuka, akaichukua saa ya mstaafu mezani, akaitia kwenye bahasha yake. Juu ya tiketi akaandika: *Irudishwe, haijafunguliwa.* Akamsomea mumewe kwa sauti. Shemeji akanyoosha mkono kama anayetaka kuizuia ile bahasha, kisha akaurudisha mapajani.

“Asubuhi tunakwenda hospitali ya macho.”

“Na kibanda?”

“Kitafungwa. Nacho kiugue siku moja.”

Akarudi kitini, akamtazama. Safari hii hakumwambia aache sikio. Yeye mwenyewe macho yalikuwa yakimwasha, hakulala vizuri wiki nzima.

“Umepepesa,” shemeji akasema.

“Umeona?”

“Nimeona.”

“Haya,” dada akasema, akitafuta funguo. “Naosha mimi.”