Pawasaplai Niliyoipeleka Kihagara

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya redio mjini Mbinga, Mkuu wa Karakana hakunipa hata kiti. Alinionyesha sanduku la chuma chini ya meza, akasema, "Inua." Nikainama, cheti changu cha masomo ya jioni kikiwa mfukoni mwa shati. Sanduku lile lilikuwa zito kuliko jiwe la kusagia la bibi yangu, na bibi mwenyewe amekaa juu yake. Lilipofika magotini, mgongo ulianza kulalamika kwa Kimatengo.

"Hiyo ni pawasaplai," akasema Mkuu. "Uzito wote huo ni transfoma. Redio ikiongea, huyo ndiye anayebeba mzigo. Haya, weka chini kabla hujazaa."

Ninyi vijana mnaojiunga na redio ya ridhaa mnanijia hapa nyumbani na swali lilelile: ninunue pawasaplai gani? Redio mmeichagua kwa miezi, mkailinganisha kama wachumba, halafu pawasaplai mnataka kuiokota dukani mkipita. Redio ya kurusha na kupokea haili umeme wa ukutani. Inataka volti kumi na tatu na ushee. Ikiwa inasikiliza tu, inalamba ampia moja au mbili. Ukibonyeza kitufe uongee, inaweza kumeza hata ishirini. Pawasaplai ndiyo inayoupoza umeme wa ukutani na kuumimina kwa kiasi hicho. Zipo nzito za transfoma, na zipo nyepesi za kielektroniki. Nyepesi si mbaya. Ila isome mpaka mgongoni. Mimi niliisoma usoni tu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Nilipangiwa Tingi, nikahamishiwa Mpepai, kisha nikarudishwa Mbinga nikiwa Fundi Mkuu, chini ya Katibu wa Afya. Shirika letu lilikuwa na zahanati kadhaa, za milimani na za ufukweni mwa ziwa, na zote zilizungumza kwa redio, kwa kuwa kule ziwani simu ilishika mtandao juu ya jiwe moja tu, tena ukisimama kwa mguu mmoja. Radi ilipoiunguza pawasaplai ya zahanati ya Kihagara, kule ziwani, nilikwenda dukani nikachagua nyepesi kama mkate, imeandikwa usoni kwa tarakimu kubwa: ampia thelathini. Nikaijaribu karakanani, kwenye baridi yetu ya Mbinga inayogandisha chai. "Moja, mbili, tatu. Mwisho." Safi kabisa. Nikaipeleka.

Haikuchukua muda, Kihagara ikaanza kukatika katikati ya maneno. Mwendeshaji wa redio kule alikuwa Skola, binti aliyeanza kwa kufagia wodi, kisha akapewa redio kwa sababu sauti yake ilisikika hata kwenye mvua. Asubuhi moja Katibu aliniuliza hewani, vituo vyote vikisikiliza, tatizo la Kihagara ni nini.

"Kifaa ni kizima, Katibu," nikajibu, na mimi kwa kupenda kuchekesha sijambo. "Kibovu ni mdomo wa Skola. Yule akianza salamu, kahawa inachanua, inaiva, inavunwa, yeye bado yuko kwenye shikamoo."

Tingi wakacheka. Mpepai wakacheka. Katibu hakucheka. "Nenda ukahakikishe. Ikiwa ni yeye, arudi kwenye ufagio, tuweke mwingine."

Nikateremka Kihagara. Joto la kule ziwani lingeweza kuivisha ugali bila moto. Skola alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nimekuja kukufundisha kusema kwa kifupi."

"Nilisikia. Nilikuwa hewani." Akanivutia kiti. "Lakini Fundi, mimi nikiomba gari la mgonjwa, namwomba Katibu, mtu mzima. Nimwambie 'leta gari' kama namfukuza mbuzi?"

"Tazama," nikasema. Nikashika kipaza sauti, nikaita Mbinga. Akaitika Katibu mwenyewe.

Nawaapia nilikusudia maneno matatu. Lakini nilipoisikia sauti yake, kidole kilibonyeza kitufe na mdomo ukaenda wenyewe. "Shikamoo Katibu, habari za tangu jana, mama hajambo, watoto hawajambo, na yule wa shuleni mguu umepona, sisi huku tumefika salama, dagaa wa usipa wapo wa kutosha, wazee wa Kihagara wanakusalimu sana, na mama mkwe wako je, amesha..."

Tiki. Taa ikazimika. Redio ikafa mkononi mwangu.

Nje ya dirisha, kwenye benchi la wagonjwa, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza taratibu, "Na huyu naye anarudi kwenye ufagio?"

Skola hakucheka. Alitazama chini. Nikaigusa pawasaplai, ilikuwa ya moto kama kikaango. Nikaigeuza. Mgongoni, kwa herufi za kutafutwa kwa kurunzi, paliandikwa kuwa ampia thelathini ni za kitambo kidogo tu. Za kuongea mfululizo zilikuwa chache zaidi, tena mahali penye ubaridi. Nilikuwa nimeipima kwa watu wasiosalimiana.

Ilipopoa nikarudi hewani, nikamweleza Katibu kwamba mdomo wa Skola ni mzima, kibovu ni chaguo langu. Vituo vikacheka mpaka antena zikatikisika. Skola alibaki na kiti chake, nami nikapeleka ya transfoma. Kwake yeye nilisema, "Basi, yamekwisha," nikapanda gari. Sikuongeza neno.

Tangu siku hiyo aliwasalimu wote hewani, mpaka kuku wao. Nikiitika mimi, ilikuwa: "Mbinga, Kihagara. Panadol zimeisha. Mwisho." Miaka yote iliyobaki. Tukikutana ana kwa ana, shikamoo yangu naipata. Hewani, hapana.

Kwa hiyo mkinunua, ulizeni ampia za mfululizo, mwongeze za akiba, mpime joto la mahali, na mjue watu wa hapo huongeaje.

Siku ya kustaafu, vituo viliniaga kwa zamu. Tingi waliimba, Mpepai waliniombea. Mimi mwenyewe nikaita Kihagara, wote wakisikia, nikasema, "Skola, nilikudhalilisha hapahapa hewani. Naomba unisamehe."

Sauti yake ikaja, safi kama siku zote.

"Mbinga, Kihagara. Imepokelewa. Mwisho."

Nikangoja, labda angeongeza. Kisha wakaniita nikakate keki.